Tishari Lenye Madirisha

Mume wangu alianza kutazama matishari ya kuuza mwaka ule kiwanda cha mikate kilipomhamishia zamu ya usiku. Alikuwa akirudi asubuhi, mimi nafunga vifungo vya sare yangu niende kazini kwenye nyumba ya wazee, na binti yetu anatafuta soksi ya pili. Tukishatoka, usingizi haukumjia mara moja, kwa hiyo alikaa mbele ya kompyuta tuliyoinunua kwa jirani wa ghorofa ya chini yetu. Nilidhani anaangalia mpira, au habari za kwao. Siku moja nilirudi mapema kwa sababu ya mafua, nikamkuta ameinamia kioo kama mtu anayetafuta sindano.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Bato," akasema, bila kugeuka. "Ya Uholanzi. Angalia, iko na mapazia."

Kweli lilikuwa na mapazia, ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na nyuma yake sufuria ya maua.

Mume wangu ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika, na kwao chombo cha majini ni bato, kama Wafaransa wanavyosema. Mimi ni wa Kigoma, upande wetu. Alivuka vita vilipoanza kwao, tukakutana, tukaoana, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kanisa moja la Toronto likatupokea. Tulipanga kwenye ghorofa za Crescent Town, juu kabisa, mahali unapoona treni za chini ya ardhi zikitoka nje na kurudi. Katika miaka yote ile, kila nilipomuuliza alivukaje ziwa, alijibu, "Kwa bato," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa asiyeyajua, matishari haya ni vyombo virefu vya chuma, bapa kwa chini, vilivyojengwa zamani kubeba mizigo kwenye mifereji ya Ulaya: viazi, matofali, mchanga, makaa ya mawe. Malori yalipoichukua kazi hiyo, watu wakaanza kuyageuza matishari kuwa nyumba. Palipokuwa na shehena wakatoboa madirisha, wakaweka makochi, jiko la kuni, rafu za vitabu. Kuna tovuti zinazoyauza, na kila tishari lina historia yake fupi: lilijengwa wapi, lilibeba nini, nani aliishi humo. Mume wangu alizisoma za Kifaransa vizuri, za Kiholanzi akazikisia. Baada ya miezi michache alikuwa akiyazungumzia kama majirani.

"Ile ya kijani wameiuza," aliniambia siku moja tukila, kwa sauti ya mtu aliyepata habari za msiba mdogo.

"Ya kijani ipi?"

"Ile yenye mbwa."

Mbwa, niligundua baadaye, walikuwa karibu kwenye kila picha. Mbwa kwenye sitaha, mbwa kwenye kochi, mbwa anayetazama maji. Na baiskeli. Na mara kwa mara mama wa makamo amesimama jikoni akitabasamu, mkono kwenye bomba la maji, kana kwamba anasema, unaona, hata maji tunayo.

Mimi wakati huo nilitaka nyumba iliyokaa juu ya ardhi imara. Wenzetu wa kanisani walikuwa wananunua, mmoja Ajax, mwingine Brampton, miji ya kando ya Toronto, na Jumapili baada ya ibada maongezi yote yalikuwa ya nyumba. Nikamburuta mume wangu kwenda kutazama kadhaa. Alikuwa mpole na madalali, aligonga kuta, alifungua kabati. Lakini dalali aliposema twende tuone besmenti, yaani kile chumba cha chini ambacho huku kila nyumba inacho na kila mtu anakisifu, yeye alibaki juu. Alisema anataka kuangalia paa. Akasema paa ni bovu. Nyumba zote, kwa maneno yake, zilikuwa na paa bovu. Nilikasirika. Nilimwona mtu asiyetaka kukua, anayekaa asubuhi nzima akiota nyumba za Wazungu zinazoelea ilhali mkewe anataka kitu kimoja tu, mlango wake mwenyewe unaofunguka nje.

Hata hivyo na mimi nikaanza kuchungulia. Siku zangu za mapumziko, yeye akiwa kalala, nilifungua zile kurasa, mwanzoni nikitafuta sababu za kumcheka. Nikajikuta nina yangu niliyoipenda, tishari la Ubelgiji lenye ngazi ya mbao iliyolika katikati kwa miguu ya watu. Mwenyewe alikuwa ameandika kwamba analiuza kwa masikitiko. Nilikaa na neno hilo. Sisi tulikotoka, mimi na yeye, watu hawakupata nafasi ya kuuza nyumba zao kwa masikitiko. Mume wangu alitoka kwao bila kufunga mlango. Pengine ndiyo maana anapenda nyumba hizi, niliwaza. Siku ya kuondoka, unaondoka nayo. Nikaridhika na jibu hilo, nikaona nimemwelewa. Sikuwa nimemwelewa.

Miaka ikapita hivyo. Binti yetu alikua, akawa anatuelewa kila neno na kutujibu kwa Kiingereza. Kisha, mwishoni mwa majira ya baridi moja, mume wangu akaniita jikoni kwa sauti ya juu.

"Iko hapa! Ontario hii hii!"

Mjane mmoja alikuwa anauza tishari la Kiholanzi kwenye bandari ndogo ya boti huko Trenton, saa mbili hivi kwa gari kutoka kwetu. Yeye na marehemu mumewe walilileta kutoka Ulaya juu ya meli ya mizigo. Picha zilionyesha madirisha mapana, meza, taa ya shaba. Bei haikuwa kubwa kuliko ya nyumba za Ajax, na nikasema basi, twende tukalione, yaishe. Jumamosi ya kwanza barafu ilipoyeyuka tulikodi gari, tukaenda sote watatu. Mume wangu alivaa shati la kanisani.

Lilikuwa jeusi, na mkanda mwekundu ubavuni, refu kuliko nilivyofikiri. Lilikuwa bado limefunikwa turubai la baridi, na madirisha yamezibwa kwa mbao. Mwenyewe alikuwa bibi mfupi mwenye kofia ya sufu ya kiume na goti bovu, na alipomsikia mume wangu anavyotamka Kiingereza, akahamia Kifaransa. Alikuwa Mbelgiji. Alizaliwa ndani ya tishari la baba yake, kwenye kibanda cha nyuma, na alijifunza kutembea akiwa amefungwa kamba kiunoni asitumbukie mferejini.

Akamuuliza mume wangu anatoka wapi. Alipojibiwa, aliishusha kofia yake hadi masikioni. Kisha akasema kitu, na mume wangu akacheka, kicheko kikavu. Akanitafsiria.

"Anasema baba yake alikuwa anabeba mawese kutoka bandari ya Antwerp. Anaona yalikuwa ya kwetu."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia, basi tunajuana tangu zamani."

Bibi hakucheka. Aliitika kwa kichwa, polepole, akatangulia kwenye ngazi akiwa na tochi. Nikamfuata, na mume wangu nyuma yangu. Ngazi ilikuwa imesimama wima karibu kama ukuta, tukashuka kinyumenyume. Chini kulikuwa giza, na kulikuwa na harufu ya dizeli, kutu, na kitu kingine kama magunia ya zamani. Mwanga wa tochi ya bibi uliangukia jiko la chuma, kisha meza, kisha ile taa ya shaba. Nikasikia moyo wangu unalegea. Nilijiona nimeketi pale, mvua inanyesha juu, chai mezani. Mimi, niliyekuwa nimekuja ili mambo yaishe.

"Baba watoto, njoo uone jiko," nikasema. Nikageuka, hayupo.

Nilimkuta nje, ameketi kwenye mbao za gati, viganja juu ya magoti. Jasho lilikuwa linamtiririka, katika upepo ule wa baridi, hadi kola ya shati ilikuwa imelowa. Binti yetu amesimama karibu naye ameshika kofia yake, hajui afanye nini.

"Ni moyo?" nikauliza, kwa sababu kazini kwetu hilo ndilo la kwanza kuuliza.

"Hapana. Acha tu. Miye niko sawa."

Bibi alipanda ngazi kwa shida, akamtazama. Alichukua ndoo, akaigeuza kifudifudi, akaketi kando yake na lile goti lake amelinyoosha. Baadaye kidogo alisema maneno machache, na mume wangu akajibu kwa machache zaidi. Wakakaa hivyo wakitazama maji. Mimi na binti yetu tulitembea mpaka mwisho wa gati na kurudi, na tulipofika walikuwa bado wamekaa vilevile.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu, mimi naendesha, binti yetu ameziba masikio na muziki wake, ndipo aliposema. Mume wangu akiguswa ndani, Kiswahili chake hurudi Uvira chote.

"Tulikuwa chini," alisema. "Wakati wa kuvuka. Benye bato balitutia chini, kwenye mizigo, juu ya magunia ya unga, wakatufungia kwa juu. Waliogopa tutaonekana."

Niliogopa nikisema, atakumbuka kwamba hajawahi kuniambia, atanyamaza.

"Kulikuwa muzee mmoja ameniegemea hapa." Akagusa bega. "Simujui. Alisema amechoka, nikamwambia lala. Akalala. Nikakaza mwili asianguke, maana bato ilikuwa inayumba. Nilikuwa namsemesha, eti muzee, tunafika, muzee, tunafika. Walipofungua nikaona haikuwa usingizi."

Aliangalia dirishani. Tulipita mashamba ambayo yalikuwa bado ya kahawia, na ghala moja jekundu.

"Sasa kwa nini miaka yote hii unaangalia boti?" nikauliza hatimaye. "Kama ni hivyo, si ungekimbia hata picha yake?"

Akashusha kioo cha mlango kidogo, akakipandisha tena.

"Sijue," akasema. "Labda nilikuwa nataka kuona watu wanakaa kule chini kwa kupenda. Wameweka maua. Wanakunywa kahawa. Nilikuwa naangalia picha najiambia, kumbe ni mahali tu. Ni chumba. Nikaona mi nimeshazoea." Akapangusa uso. "Kumbe nilizoea picha."

Ndipo nikazikumbuka zile besmenti, na mapaa yote mabovu. Nilishika usukani nikawa sioni barabara vizuri. Nikapunguza mwendo, malori yakatupita.

Hatukununua tishari. Hatukulijadili hata. Yeye aliacha kompyuta, akawa analala akirudi kazini, na nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo sikuipenda. Nilishangaa kwamba nilikuwa naikosa ile ya kijani, na mbwa wake.

Kisha, shule zilipofungwa, bibi akapiga simu. Aliongea na mume wangu muda mrefu. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu, nasikia tu ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Alipokata akasimama mlangoni mwa jiko.

"Ameiuza. Mtu wa Peterborough. Bibi anataka kumupelekea kwa mfereji, yeye mwenyewe, lakini hana wa kushika kamba. Bwana yake ndiye alikuwa anashika."

"Na anakutaka wewe?"

"Anasema nitakaa juu tu. Kazi ya kamba iko juu."

"Wewe unataka?"

Alichukua kipande cha kitunguu kwenye kikaango, akakila, kikamchoma.

"Nataka," akasema.

Tukachukua likizo, wote wawili, na binti yetu tukaenda naye.

Mfereji ule unapanda kutoka Trenton kuelekea Peterborough kupitia mito na maziwa madogo, na kwa kuwa maji hayapandi mlima, wamejenga vyumba vya maji vyenye malango mbele na nyuma. Chombo kinaingia, lango la nyuma linafungwa, maji yanaachiwa, chombo kinanyanyuka na kuta zinazama, kisha lango la mbele linafunguka nawe uko juu kuliko ulivyokuwa. Kwenye vyumba vingi malango yanafunguliwa na wanafunzi wa kazi za kiangazi, wakizunguka na mkono mrefu wa chuma kama wanaosaga nafaka. Kazi yetu ilikuwa kuzungusha kamba kwenye nyaya zilizoning'inia ukutani na kuishikilia, isikazwe sana, isilegezwe sana, huku maji yakifoka chini yetu. Mimi nilikuwa mbele, mume wangu nyuma. Bibi alikuwa kwenye usukani, amesimama kwa goti moja zima, akitoa amri kwa lugha mbili.

Mara ya kwanza maji yalipoanza kutunyanyua nilimtazama mume wangu. Tulikuwa chini kabisa, kuta nyeusi zinachuruzika pande zote, mbingu imebaki ukanda. Alikuwa ameikodolea macho kamba yake. Ukuta ukashuka, ukashuka, mwishowe tukatokeza kwenye nyasi, na familia moja ilikuwa imekaa kwenye mkeka inakula tikiti maji. Akawapungia mkono kama mtu aliyerudi safari.

Chini hakwenda. Usiku tulifunga chombo kando ya nyasi, sisi wanawake watatu tukalala ndani, yeye akatandika juu ya sitaha chini ya lile turubai. Chakula chake tulimpandishia. Bibi hakuwahi kulitaja jambo hilo, wala kumhimiza, wala kumhurumia. Alimwekea tu taa na dawa ya mbu. Mimi ninafanya kazi ya kutunza watu, na nilijifunza kitu kwa kumtazama: kuna kumwacha mtu ambako si kumtupa.

Asubuhi moja tukiwa katikati ya ziwa dogo lenye visiwa, mvua ilianza. Bibi hakuweza kuacha usukani, na miwani yake ilikuwa chini, mezani. Akaniomba nikailete. Nilikuwa nimeshasimama, mume wangu akasema, "Acha."

Alishuka kinyumenyume, kama tulivyofundishwa. Nilimwona mikono yake juu ya ngazi, kisha vidole, kisha hakuna. Bibi alitazama mbele. Mvua ilipiga kofia yake. Nilisubiri, nikijiambia nisiende, nisiite. Alikawia. Kisha nikasikia mlio wa vyombo, sahani juu ya sahani, na maji ya bomba. Alikuwa anaosha vyombo vya kifungua kinywa, vyote, pamoja na sufuria ya uji ambayo binti yetu alikuwa ameiacha iloweke ili asiioshe.

Mimi ndiye niliyepeleka miwani juu. Niliposhuka kuichukua nilimkuta amefungua madirisha yote, mvua inaingia kidogo, yeye anapangusa mezani. Uso wake ulikuwa umepauka. Binti yetu alikuwa ameamka, ameketi na blanketi mabegani.

"Baba, siku ile Trenton uliumwa nini?" akamuuliza, kwa Kiingereza chake.

Nilifikiri atasema, hakuna kitu. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamweleza. Kwa Kiswahili, polepole, kuanzia mlango ambao hakuufunga hadi yule mzee begani. Hakuruka kitu. Binti yetu alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana, alijibu kwa Kiswahili, cha kukwamakwama, kama anavyoongea na bibi yake wa Kigoma.

"Ulimwambia jina lako?"

Mume wangu akashangaa. Sidhani kama aliwahi kuulizwa swali hilo, hata na yeye mwenyewe.

"Ndiyo," akasema. "Aliniuliza. Alisema ni jina nzuri."

Juu bibi akapiga kengele. Tulikuwa tunakaribia malango mengine. Mume wangu akasimama kwenda kushika kamba.

Peterborough tulifika kukiwa na jua kali. Mnunuzi alikuwa anatusubiri gatini na mkewe na, bila shaka, mbwa. Bibi aliwaonyesha mtambo, pampu, ile taa, akawaambia mlango upi unakwama. Akawapa ufunguo. Hakulia, ila alipita mkono wake kwenye chuma cha ubavuni alipokuwa anaondoka, mara moja tu, kama unavyompapasa ng'ombe. Tukapanda basi pamoja hadi Toronto, kwa sababu alikuwa na ndege ya kumrudisha Ubelgiji kwa dada yake, na hakuwa na pa kulala.

Alilala kwetu Crescent Town, kwenye kitanda cha binti yetu. Nilipika ugali, samaki na sombe, yaani kisamvu cha kwao baba watoto, na bibi alikula kwa mkono baada ya kumwangalia mume wangu anavyofanya. Akasema sombe ina mawese mengi mno, kisha akaongeza. Baada ya chakula alitoka kwenye kibaraza, akashika chuma cha ukingo, akachungulia chini, kwenye maegesho na miti na treni inayoingia kituoni. Alirudi nyuma haraka, akasema kitu kwa Kifaransa huku mkono kifuani.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mume wangu alikuwa anacheka hadi anashika mlango.

"Anasema tuko juu mno. Anasema yeye hapa hawezi kulala, labda tumpe chumba cha chini."

Akaingia ndani kumfungia dirisha na kumshushia pazia, na bibi akalala hadi asubuhi, anakoroma, tukamsikia sote.